Siku Niliyopangiwa Kumuua Mama Mkwe

Nimepigana vita mara moja tu maishani. Vilipiganwa kwenye barabara ya vumbi nje ya Vitengeni, baina ya makundi mawili ya wanamgambo, na katika vita hivyo mimi nilipangiwa kumuua mama yake mke wangu. Walionipangia hawakujua kwamba ni mkwe wangu. Nilipowaambia, hawakuona kuwa hilo ni tatizo.

Mie ni fundi wa friji. Naishi Malindi, mji wa kale, na wazee wangu walihamia hapa kutoka visiwa vya kaskazini kabla sijazaliwa. Msimu wa wageni ukiisha, hoteli nyingi hufungwa, friji zake huzimwa, na friji iliyozimwa haiharibiki. Basi mwaka ule nilikuwa nyumbani tu, nashinda jikoni nikimwelekeza mke wangu namna ya kukata vitunguu, alipobisha hodi jamaa mmoja wa mtaani tuliyekuwa tukimwita Mkalimani. Alikuwa amejifunza lugha ya Wazungu kwa kuwatembeza ufuoni miaka mingi, na sasa alikuwa amepata kazi kwa watu waliokuja kupiga filamu ya vita.

"Wanatafuta watu wenye uso wa vita," akasema.

"Mie nina uso wa vita?"

Mke wangu akamjibu yeye, si mimi. "Anao. Mchukue. Na usimrudishe kabla ya jioni."

Hivyo ndivyo nilivyoingia jeshini.

Tulipelekwa Vitengeni na basi la kukodi. Chini ya turubai kubwa, Mkalimani akatusimulia kisa chenyewe. Kuna nchi moja, haikutajwa jina, ambako mfalme amepinduliwa. Mjini mapinduzi yamekwisha, watu wanacheza ngoma. Mpakani habari zimefika vipande vipande. Kundi moja la raia limeshika silaha kuyalinda mapinduzi. Kundi jingine, watu wa vijiji vya pale pale, limeshika silaha kwa sababu hakuna aliyekuja kuwauliza wanataka nini. Makundi yote mawili yanakitaka kituo kimoja kidogo cha mpakani: kibanda cha mabati, gogo la kuzuia magari, na bendera.

Sisi wa mapinduzi tulipewa kombati za kijeshi, bunduki za mbao na skafu nyekundu, tukaitwa Wekundu. Wale wa vijijini walipewa za kijani wakaitwa Kijani. Kijani watashambulia, watakufa wote, na Wekundu watapandisha bendera.

"Ni vita vidogo tu," akasema Mkalimani. "Kwenye filamu havifiki hata muda wa kunywa kahawa."

Nikaona ni kazi nyepesi kuliko kubeba mtungi wa gesi ya friji.

Kamanda wetu alikuwa mtu wa bara anayeishi mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi. Kazi yake hasa ilikuwa kulinda geti la jumba moja la wageni, na siku za Jumapili ni mzee wa kanisa. Alichaguliwa kwa urefu wake na sauti yake. Ama hakuna aliyemwambia kwamba yale yalikuwa maigizo, ama aliambiwa akaamua kutosikia. Asubuhi ile ya kwanza, kamera zikiwa bado zimo masandukuni, alitupanga mstari, akatukagua viatu, akamtoa mmoja wetu kwa sababu amevaa ndara.

"Wewe! Vita gani inapiganwa na ndara? Kuja hapa, toa hiyo kitu."

Kisha akaenda kusimama kwenye gogo. Barabara ile ilikuwa barabara kweli, watu huitumia, na si muda lori la makaa likatokea kwenye kona. Dereva alipoona wanaume wenye kombati, bunduki na kizuizi, akapunguza mwendo, akasimama, na mkono ukaanza kuelekea mfukoni wenyewe, kwa mazoea.

"Rudisha hiyo mkono," Kamanda akanguruma. "Hapa ni mpaka. Unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini?"

Dereva akajieleza kwa adabu zote. Kamanda akalizunguka lori lote, akagonga magurudumu kwa bunduki yake ya mbao, akachungulia chini, ndipo akainua gogo. Dereva aliondoka akishukuru. Naamini mpaka leo anawaambia wenzake kwamba njia ya Vitengeni kuna askari mmoja mwaminifu.

Baada ya hapo wakaletwa Kijani, na mambo yangu yakaharibika.

Walishuka kwenye basi lao wakiimba. Wengi walikuwa wanawake wa vijiji vya karibu, maana mwongozaji alitaka kundi la wanavijiji liwe na wanawake wenye silaha. Mwongozaji mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kizungu, mfupi, mwenye kofia ya ukindu iliyomfunika mpaka nyusi, nasi tulimwita Mama Filamu. Nikawa natazama wale wanawake wakishuka, mmoja baada ya mwingine, nikaona mguu ninaoufahamu, halafu leso ya zambarau ninayoifahamu, kwa sababu niliinunua mimi kwa ajili ya Idi na mke wangu akampelekea. Juu ya leso kombati ya kijeshi. Juu ya kombati skafu ya kijani. Juu ya skafu, mama mkwe wangu.

Inafaa nieleze jambo hapa. Mke wangu ni Mgiriama, wa huko huko Vitengeni. Kwetu sisi mama mkwe anaheshimiwa, lakini kwao heshima hiyo ina kanuni zake. Hamgusani mikono. Hamketi kiti kimoja. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anapisha kando na kutazama upande. Akija kwetu Malindi, mie hutoka mlango wa uani nikaketi kwa jirani, na salamu zetu hupitia kwa mke wangu kama barua. Nilijua kwamba anauza muhogo, kwamba anaongoza chama cha akina mama, na kwamba ulimi wake unaogopwa na hata naibu wa chifu. Lakini sauti yake nilikuwa nimeisikia zaidi kupitia ukutani. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kumtazama usoni nikahesabu nyusi zake.

Naye akaniona. Akageuka akatazama mikorosho. Mie nikageuka nikatazama choo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amemwambia mke wangu anakwenda kumwangalia mgonjwa.

Ilipofika zamu ya kupangwa, msaidizi wa Mama Filamu akatembea baina yetu akiunganisha watu wawili wawili: nani atamwua nani. Alinisimamisha nyuma ya magunia ya mchanga. Akatazama karatasi, akatazama Kijani, akamwashiria mwanamke mwenye leso ya zambarau. Huyo ndiye atakayeruka magunia, nami nimpige risasi ya kifua.

Nikamwita Mkalimani mbio. "Bwana, yule ni mkwe wangu."

"Mkwe wako vipi?"

"Mama wa mke wangu!"

Akashika kichwa. Ni mtoto wa pwani, alielewa papo hapo. Akaenda kumweleza Mama Filamu, nami nikamwona yule bibi akisikiliza, akitabasamu, akisema maneno machache. Mkalimani akarudi.

"Anasema vizuri sana. Hisia zitakuwa za kweli."

"Hukumweleza sawasawa."

"Nimemweleza. Anasema kwao watu wengi wangefurahi kupata nafasi hiyo."

Tukaanza. Baruti ikapasuka, moshi ukatanda, Kijani wakaja wakipiga vigelegele kama wanaopeleka mahari. Mama mkwe akatokea moshini, leso ameikaza kiunoni, bunduki mkononi, akaweka mguu juu ya magunia yangu. Nikainua bunduki. Mikono ilikataa. Nikaishusha, nikainamisha kichwa, na maneno yakanitoka yenyewe:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akateremka kwa adabu upande ule aliotokea.

Mama Filamu akapiga ukelele. Kila kitu kikasimama isipokuwa Kamanda, ambaye aliendelea kupigana na kichaka kwa muda.

Mara ya pili nikafumba macho nikafyatua. Baruti ikalia kwa niaba ya bunduki yangu. Nilipofumbua, mama mkwe alikuwa bado wima, anatazama mbali, mkono kiunoni.

"Mbona hafi?" msaidizi akauliza, na Mkalimani akatafsiri.

"Nianguke chali mbele ya mkwe wangu?" mama akamwambia Mkalimani, si mimi. "Na leso ikifunguka? Muulize huyo Mama Filamu kama yeye anaweza kuanguka chali mbele ya mume wa bintiye."

Wanawake wote wa Kijani wakasema haiwezekani. Wengine ambao tayari walikuwa wamekufa waliinuka mavumbini kuja kutoa ushahidi. Mjadala ukawa mrefu. Mwishowe ikaamuliwa kwamba nifyatue huku nimegeuza uso kabisa, na mama aanguke upande wa nyuma ya magunia, huku mwenzake akiwa tayari na leso nyingine ya kumfunika.

Mara ya tatu, basi, nikageuza uso kwa heshima zote nikafyatua. Kumbe niligeuka na bunduki pia. Moshi ulipotawanyika, mtu aliyekuwa mbele ya mtutu wangu alikuwa Kamanda.

"Kufa," msaidizi akamwambia kwa ishara, maana kamera bado ilikuwa inakwenda.

"Mimi nife?" Kamanda akasema. "Nife na risasi ya mtu yangu mwenyewe? Hiyo haiko kwa mkataba!"

Na hakufa.

Mama Filamu akatangaza mapumziko ya chakula.

Sasa, hapo ndipo yeye mwenyewe alipofanya kosa. Tangu asubuhi alikuwa analalamika kwamba makundi yetu hayachukiani vya kutosha. Wekundu na Kijani walikuwa wanaulizana habari za mashamba na wagonjwa hata katikati ya mapigano. Basi akaagiza tutenganishwe. Kijani wakapelekwa ng'ambo ya barabara wakapewa ugali na maharagwe. Sisi Wekundu tukapewa pilau ya kuku.

"Anataka chuki iwe ya kweli," Mkalimani akanieleza kwa sauti ya chini.

Pilau ilikuwa na harufu inayotembea. Niliona pua za Kijani zikiinuka ng'ambo ile, moja moja. Sisi tulikula tukashiba, na sufuria moja nzima ikabaki. Kamanda akaamuru iwekwe ndani ya kibanda cha mpaka, akafunika kwa sinia, akasema hiyo ni akiba ya kituo.

Kisha nikapangwa zamu ya kusimama kwenye gogo wakati wenzangu wamejinyoosha. Nilikuwa nimesimama hapo, natazama bendera, niliposikia hatua za polepole ng'ambo ya gogo. Sikugeuka. Nilizijua.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, akiwaelekea mbuzi waliokuwa wakila kando ya barabara.

"Naam, mama," nikaijibu bendera.

"Mmekula nini nyinyi?"

"Pilau."

"Ya nini?"

"Ya kuku, mama."

Mbuzi mmoja akapita chini ya gogo akaingia nchi ya pili.

"Imebaki?"

"Sufuria moja. Imo kibandani."

"Kibanda kile kina mlango wa nyuma?"

Hapo nilielewa ninaulizwa nini. Nilikuwa nimevaa skafu ya mapinduzi. Kamanda wangu alikuwa amelala hatua chache tu kutoka pale, bunduki kifuani. Lakini aliyeniuliza ni mama wa mke wangu, na katika maisha yangu hayo yalikuwa maswali yake ya kwanza kuniuliza kwa kinywa chake.

"Upo mlango, mama."

"Una komeo?"

"Komeo limechorwa tu. Ni rangi."

"Alaa!" akasema. Kisha nikasikia sauti ngeni kabisa, nyembamba, inayopanda kama birika linalokaribia kuchemka. Mama mkwe wangu alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Tulicheka hivyo, kila mtu akitazama upande wake, mpaka Kamanda akajigeuza usingizini nasi tukatawanyika.

Alasiri tukarudi mahali petu. Mama Filamu alisema sasa hataki kusimamisha tena. Kamera zote zitakwenda mwanzo hadi mwisho, na litakalotokea litokee, makosa atayakata baadaye. Mkalimani akatafsiri maneno hayo kwa sauti kubwa pande zote mbili. Nilimwona mama mkwe ng'ambo akiyasikiliza kwa makini sana.

Baruti ikalia. Kijani wakaja kwa kelele kuliko asubuhi, wakaanguka mbele ya magunia yetu kwa ufundi mkubwa, wakigaagaa na kuita mama zao. Kamanda alifurahi. "Piga! Piga! Wanaisha!" Nami nikafyatua hewani, nikimtafuta mwenye leso ya zambarau kwenye moshi. Hakuwepo. Wala mwenzake wa leso ya pili hakuwepo. Nilipoanza kuwatazama vizuri wale waliokuja, nikaona ni wanaume tupu na mabibi wawili wenye sauti kali.

Nyuma yetu, mabati yakagonga. Sinia likaanguka likalia kama kengele ya shule.

Kamanda akageuka. Kwenye mlango wa mbele wa kibanda, uliokuwa nyuma yetu sisi tuliokilinda, walisimama wanawake wa Kijani wamejaa kizingiti. Mmoja alikuwa ameikumbatia sufuria. Mwingine alikuwa juu ya kiti anafungua kamba ya bendera. Katikati yao mama mkwe wangu, bunduki ameiegemeza ukutani kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

"Wekeni silaha chini," akasema. "Mmezingirwa."

Na kweli, maiti zote zilizokuwa mbele yetu zilikuwa zimeinuka.

Wenzangu waliweka silaha chini haraka kupita kiasi. Mwanamke mmoja akanichoma ubavuni kwa mtutu wa mbao. "Mkwe wetu, inua mikono." Nikainua. Ni Kamanda peke yake aliyesimama. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye mlingoti, akaukumbatia kwa mkono mmoja, bunduki kwa mwingine, jasho linamtiririka, na sauti yake ilifika mpaka sokoni Vitengeni:

"Hakuna mtu anapita hapa! Na hiyo sufuria ni mali ya mapinduzi!"

Walimwendea taratibu, kama mtu anavyomwendea ng'ombe aliyekata kamba. Walimfunga kwa leso, bila kumuumiza, wakamkalisha kwenye kiti cha afisa wa mpaka. Hapo nilimwonea huruma. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kwa siku nzima ile yeye peke yake ndiye aliyeamini, na sasa alikuwa ameshindwa kweli kweli. Nadhani mama mkwe naye aliliona hilo. Akapakua pilau kwenye sinia, akachagua paja la kuku, akapiga goti akamwekea mbele.

"Mapinduzi yamekwisha, baba," akamwambia. "Kula."

Akamfungua mkono wa kulia. Kamanda akatazama paja lile, akatazama bendera ya kijani iliyokuwa inapanda, akapumua, akala.

Mama Filamu hakuwa amepiga ukelele hata mara moja. Alipoingia kibandani, kofia mkononi, alikuta Wekundu na Kijani wamezunguka sufuria moja. Mie nilikuwa nje, kwa sababu sikuweza kula mbele ya mkwe, lakini nilichungulia kwenye tundu la mabati. Alimuuliza Mkalimani ni nani aliyetoa amri ya kupita nyuma. Kila mtu akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Mama mkwe akapangusa mikono. "Mwambie maharagwe yake hayakuiva."

Mkalimani akazungumza lugha ya kule kwa muda mrefu mno, kwa mikono miwili, huku akitazama juu. Sijui aligeuza maharagwe yakawa nini. Mama Filamu alimsikiliza, akamtazama mama mkwe wangu, akakaa chini, akachukua kijiko, akakwangua ukoko uliobaki.

Kesho yake tulipewa pilau sote. Kijani walikufa kama walivyotakiwa, na walikufa vizuri sana, kwa shukrani. Mama mkwe alipewa kifo cha nyuma ya magunia, ambapo kamera iliona mkono wake tu ukiachia skafu. Aliyemwua alikuwa kijana wa Gede asiye na undugu naye. Mie niliombwa nisimame mbali na silaha zote.

Jioni ya siku ile ya kwanza, nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa ameshapigiwa simu na mama yake. Alinifungulia mlango, akaniangalia kombati yangu yenye vumbi, akaketi palepale kizingitini akacheka mpaka machozi.

"Mama anasema wewe ni msaliti," akasema aliposhika pumzi. "Anasema hajawahi kuona msaliti mwenye adabu kama wewe."

Filamu ilikuja kuonyeshwa baada ya muda mrefu, kwenye ukuta wa shule moja huko Vitengeni. Watu walijaa na viti vyao. Ushindi wetu na ushindi wao vyote vilikuwamo: Kijani wanakiteka kituo kwa mlango wa nyuma, halafu Wekundu wanakitwaa tena asubuhi kwa damu. Pale Kamanda anapokula huku akilia, watu waligeuka kumtafuta alipoketi. Mkalimani aliniambia kwamba huko kwao Mama Filamu wataalamu wameisifu sehemu hiyo, wakisema inaonyesha ugumu wa mapinduzi yoyote. Sura yangu haimo, ila kiwiko. Kamanda alitazama mpaka mwisho, kisha akamwomba mama mkwe ruhusa ya kumsalimu, wakasalimiana kama maafisa wa nchi mbili. Siku hizi kule Kisumu Ndogo hata watoto humwita Kamanda, na mwajiri wake amemwongezea mlinzi wa chini yake, ambaye nasikia anateseka.

Mwaka jana mama mkwe alisumbuliwa na macho. Akaja Malindi kuonyeshwa kwa daktari, na mke wangu siku hiyo alikuwa na homa, hawezi kutoka. Nilikuwa tayari nimeshaelekea mlango wa uani niliposikia sauti sebuleni:

"Unakwenda wapi wewe? Nani atanipeleka?"

Nikaita tuktuk. Nikataka kukaa mbele na dereva, mama akasema dereva hana nafasi ya makalio mawili, nipande nyuma. Basi tukakaa kiti kimoja, mkoba wake wa muhogo katikati kama mpaka, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara. Tulipita soko la zamani, tukapita vibanda vya vinyago. Kwenye njia panda tukasimamishwa na msongamano.

"Unajua," akasema, akiyaelekea maduka ya nguo, "binti yangu alipokuleta, mie nilimkatalia."

"Sikujua, mama."

"Nilitaka mwalimu. Palikuwa na mwalimu mmoja mzuri, ana baiskeli, anazungumza polepole. Nikamwambia, fundi wa friji wa nini? Kwetu hata umeme wenyewe hatuna."

Dereva alikuwa ametega sikio, namwona kwenye kioo.

"Na yule mwalimu, mama? Yuko wapi sasa?"

"Yupo. Naye alikuja kwenye ile filamu. Alikuwa Kijani, upande wangu." Akaukaza mdomo, lakini mabega yalikuwa yameanza kutikisika. "Nilimwambia atangulie yeye kwenye mlango wa nyuma. Akaniuliza kama tuna ruhusa."

Msongamano ukafunguka. Akaingiza mkono mkobani, akatoa kipande cha muhogo wa kuchoma, akakivunja, akaniwekea nusu juu ya mkoba bila kunitazama.

"Kula," akasema. "Mie natazama huku."